Kilima cha Kabichi

Kila mwaka, mvinyo mpya ukishatulia kwenye mapipa, baba yangu huita watu ghalani. Huvaa koti lake la kijivu, huketi kwenye kiti cha mbao katikati ya mapipa, hutazama dari, kisha hunyoosha mkono bila kuangalia ni nani anayempa glasi. Anayempa ni mimi. Huonja, huuzungusha mdomoni, humeza, hufumba macho. Sisi wote, watoto, wapwa, majirani na yeyote aliyesikia kuna cha bure, tunanyamaza kimya.

"Mnausikia ukungu?" huuliza.

"Tunausikia, mzee," hujibu wote, wakiwemo wale ambao bado hawajapewa glasi.

"Huo ndio ukungu wa bonde langu. Hakuna kwingine."

Mimi huinamisha kichwa nisije nikamcheka usoni. Bonde la baba lilionana na ukungu mara ya mwisho wakati meno yaliyo mdomoni mwake bado yalikuwa yake. Mvinyo aliokuwa akiusifu misimu yote hii haukutoka bondeni. Ulitoka kilimani, kwenye shamba ninalolilima mimi, shamba ambalo yeye mwenyewe alilipa jina la dharau na ukoo mzima ukalidaka: Kilima cha Kabichi.

Kilima hicho alinipa niliporudi kutoka kwenye ndoa yangu na mabegi mawili na uso usiotaka maswali. Kaka yangu alikuwa ameshakabidhiwa bonde alisimamie, pamoja na ofisi yenye feni na kiti kinachozunguka. Ndiyo maana namwita Meneja. Yeye hudhani ni heshima. Baba akanionyesha kilima kwa fimbo, akiwa amesimama chini kivulini, bila hata kujisumbua kupanda.

"Kule ni baridi, zabibu haziivi," alisema. "Panda kabichi, ule."

Meneja akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo nikawa Mama Kabichi, mimi ambaye sijawahi kupanda hata kabichi moja. Nilipanda zabibu. Sitadai nilikuwa na akili kuliko wengine, nilikuwa na ubishi tu. Nilikusanya matawi yaliyopogolewa bondeni, yaliyokuwa yakingoja kuchomwa moto, nikayakata vipande, nikayachomeka ardhini moja moja mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Msimu wa kwanza wa kuzaa, zabibu zilikuwa chachu kiasi cha kumkunja mtu uso. Nikatengeneza siki, nikanyamaza. Kisha mwaka hadi mwaka hewa ya kilimani ikaanza kupata uvuguvugu, na zabibu zangu zikaanza kuiva polepole na kwa adabu, kama za bondeni zamani. Jua lilikuwa limepanda mlima lenyewe. Mimi lilinikuta huko nimekaa.

Huko bondeni nako, msiba. Na msiba wenyewe ulikuwa na kanuni. Kwetu hakuna anayekata kichala mpaka ukungu wa kwanza wa msimu ushuke bondeni. Babu alivuna kwa ukungu wa shamba lake, baba akaileta kanuni hiyo bondeni, na ilikuwa kanuni nzuri wakati ule ukungu ulipokuwa ukishuka. Siku hizi unafika kwangu kilimani, unakaa, unaishia hapo. Bondeni wanausubiri. Sukari imeshajaa kwenye zabibu kabla ya wakati wake, kokwa bado ni mbichi na chungu, maganda ya upande wa jua la jioni yameungua, na watu wazima na akili zao wamesimama na makasi mifukoni wakitazama mawinguni. Zabibu zinakaukia mtini. Hapo ndipo Meneja hutoa amri ya kuvuna na kumwambia baba kwamba ukungu ulishuka alfajiri, yeye akiwa bado amelala. Baba huamini, maana uongo unaompendeza mtu hauhitaji shahidi.

Mara ya kwanza Meneja alikuja kwangu na lori.

"Dada, nisaidie," aliniambia, akifuta shingo kwa leso. "Mvinyo wa bonde mwaka huu una ladha ya jamu iliyoungua sufuriani. Baba akiuonja tutamzika. Niuzie zabibu zako. Mwaka huu tu."

"Si mwambie ukweli?"

"Moyo wake, dada. Unajua moyo wake."

Moyo wa baba! Ule moyo una nguvu za kupiga kelele ghalani asubuhi mpaka jioni, lakini ukitajwa ukweli unakuwa yai. Nilimpa zabibu. Nilitaka kuiona sura ya baba akinywa kitu alichosema hakiwezekani. Niliiona. Alifumba macho, akameza, akasema, "Bonde langu." Na ile mwaka-huu-tu ikazaa nyingine, na nyingine ikapata mjukuu, na mimi kila mwaka nikawa nashika jagi nikimsikiliza baba akinisifu kwa jina la udongo mwingine.

Nitamtendea haki baba kwa jambo moja. Hali matapishi yake. Akishatamka mbele ya watu, ametamka, hata kama tamko lenyewe ni la kipumbavu. Zamani, kabla ya bonde, yeye na Baba Mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, walilima pamoja kwenye ardhi ya huyo Baba Mdogo. Wakagombana. Baba akauita ukoo, akasimama, akatamka: "Ardhi ni ya mwenye ardhi, mche ni wa aliyeupanda." Majani yalipoanguka na mizabibu ikalala, akaing'oa yote na mizizi yake, akaishusha bondeni, akamwachia mdogo wake mashimo. Tangu hapo maneno hayo yakawa sheria ya ukoo. Baba ameyatumia kuamua ugomvi wa michungwa, wa miparachichi, hata wa bustani ya maua ya wifi zake. Baba Mdogo naye alihamia juu kabisa, kupita kilima changu, kwenye baridi ya kuogopesha, akafuga kondoo. Kila mwaka hushuka kwenye kikao cha kuonja, hukaa karibu na mlango, hunywa cha bure, na hajawahi kusema anausikia ukungu.

Sasa, mwaka huu, Jumapili moja baada ya chakula, baba aligonga meza kwa kijiko.

"Bonde linahitaji maji," alisema. "Mizabibu ina kiu, ndiyo maana inachoka. Nimeamua kuchimba kisima kirefu. Nitauza Kilima cha Kabichi."

Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi. Nililiweka chini taratibu. Nilimtazama Meneja. Alikuwa akichambua samaki kwa umakini ambao hajawahi kuuonyesha kwa kazi yoyote.

"Baba, mimi nalima kule," nilisema.

"Kabichi zinaota popote, mwanangu. Utapewa kipande nyuma ya banda la mashine."

Mnunuzi alikuja siku chache baadaye, mtu mpole mwenye viatu safi. Aliniambia anataka kujenga nyumba za wageni, watu waje kupunga hewa. Kisha akapiga magoti, akachota udongo wangu, akaunusa, akautia kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Akachota mwingine upande wa pili. Akagusa kichala kimoja, akabonyeza zabibu, akaitafuna na kokwa zake, akatema kokwa kiganjani na kuzitazama rangi. Nimeona wajenzi wengi maishani. Sijaona anayetafuna kokwa.

"Una mashamba ya zabibu wewe," nilimwambia.

Alicheka kidogo, kwa aibu. "Ninalo moja, chini kule, tambarare. Limekwisha, dada. Lilikuwa la babu."

"Basi unajua unachonunua."

"Najua. Anayeuza ndiye asiyejua."

Sikumchukia. Angalau yeye alipanda mpaka juu kutazama. Niliteremka moja kwa moja hadi ofisini kwa Meneja. Feni ilikuwa ikizunguka, naye alikuwa akizunguka nayo.

"Mwambie baba leo," nilisema. "Mwambie anachokunywa kinatoka wapi."

"Dada, jamani, tulia. Tutapata kisima, bonde litarudi."

"Maji hayapoozi jua, Meneja. Utamwagilia mpaka mbinguni, zabibu zitaungua zikiwa zimelowa. Na kilima kikiuzwa, mwakani utamnywesha baba nini?"

Alikuwa hajafikiria hapo. Niliona wazo likimwingia taratibu, likitafuta pa kukaa.

"Tutanunua kwa huyo mnunuzi," alisema mwishowe, uso ukamng'aa.

Nilitoka bila kuaga. Kuna watu ukiwatukana unapoteza tusi.

Nyuma ya ghala kuna mapipa ya plastiki ya buluu yaliyofunikwa turubai. Humo ndimo Meneja huficha mvinyo halisi wa bonde, mpaka aje kuuchukua mtu wa siki. Nilifungua pipa moja. Harufu ilinipiga puani, nzito, tamu ya uongo, na ukali wa pombe nyuma yake unaokwaruza. Nilijaza jagi moja, nikalifunika kwa sahani.

Siku ya kikao ghala lilijaa. Baba alimkalisha mnunuzi mbele kwenye kiti chenye mto, maana wangetia saini baada ya kuonja. Meneja alivaa tai. Baba Mdogo alikuwa pale pale mlangoni, na sweta lake lenye harufu ya kondoo.

"Leo nataka mgeni wangu alionje bonde," baba alitangaza, "ajue anakwenda kununua mawe ya watu wenye mvinyo."

Watu wakacheka. Baba akanyoosha mkono bila kutazama. Nilimpa glasi kutoka jagi la pipa la buluu.

Alionja. Uso wake ulikunjamana. Akageuka na kutema sakafuni, karibu kabisa na viatu vya Meneja.

"Nani kapika hii?" alifoka. "Hii ni jamu iliyotiwa pombe! Nani ananiletea takataka mbele ya mgeni?"

"Hilo ndilo bonde lako, baba," nilisema.

Niliijaza glasi ya pili kutoka jagi jingine, nikamwekea mkononi. "Na huu hapa ndio uliokuwa ukiusifu miaka yote. Onja."

"Dada amelewa," Meneja alisema.

"Sijagusa hata tone. Mwambie baba ukungu ulishuka bondeni lini."

Meneja alianza kuitazama tai yake kana kwamba jibu limefumwa humo. Baba alionja glasi ya pili. Hakufumba macho safari hii. Alinitazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuona ni nani anayempa mvinyo.

"Ukungu ulishuka lini?" alimuuliza Meneja, sauti ikiwa ndogo.

Aliyejibu ni Baba Mdogo kutoka mlangoni. "Kaka, bondeni haushuki tena. Mimi nakaa juu, nauona kila asubuhi ya msimu. Unakaa kilimani kwa binti yako kama kofia, kisha unaondoka zake."

Nilimhurumia baba. Nasema kweli, kwa muda wa kumeza mate nilimhurumia. Aliishika ile glasi kwa mikono miwili kama kikombe cha uji wa mgonjwa. Kisha akaiweka chini na kumgeukia mnunuzi.

"Samahani, bwana. Kilima hakiuzwi."

Mnunuzi alitikisa kichwa polepole, bila mshangao, akafunga kalamu yake. Watu wakaanza kunong'ona, shangazi mmoja akataka kupiga vigelegele. Baba akainua mkono, watulie.

"Bonde tutalipumzisha," alisema. "Kuanzia leo kilima ndilo shamba la mvinyo la ukoo huu, na shamba la mvinyo ni la mtoto wa kiume. Meneja atakisimamia. Wewe mwanangu umefanya kazi nzuri, nakushukuru. Sasa upumzike. Utakaa nyumbani, utawasaidia wenzako jikoni."

Vigelegele vya shangazi vilikufa kooni. Nilimtazama Meneja. Huyo mtu aliyekuwa akitafuta shimo la kuingia alikuwa amenyooka, amerekebisha tai, na anatikisa kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayepokea mzigo asioutaka. Aliyedanganya kapewa shamba, aliyelilima kapewa mwiko. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Kisha ikatulia, ikawa baridi na safi, nikajua la kusema.

"Ahsante baba," nilisema. "Ardhi ni ya mwenye ardhi."

"Naam," alijibu, ameridhika. "Umelelewa vizuri."

"Na mche, baba?"

Alianza kurekebisha koti lake la kijivu. Nilisubiri. Mlangoni Baba Mdogo alianza kutikisika mabega, kicheko kikimtoka puani. Wazee wa ukoo wakatazamana. Kila mmoja wao alikuwa na mchungwa au mparachichi uliowahi kuamuliwa kwa maneno hayo.

"Na mche je, baba?" niliuliza tena.

"Ni wa aliyeupanda," alisema.

"Mnausikia?" niliwauliza watu.

"Tunausikia," walijibu, wengine kwa mazoea tu.

Meneja hakuelewa. Nadhani alidhani ni mashairi. Alikwenda kuagiza bango kubwa la kuwekwa chini ya kilima, lenye kichala cha zabibu na jina la bonde, kwa sababu, alivyosema, wateja wameshalizoea.

Nilisubiri majani yaanguke. Mizabibu ikishalala haiumii sana, na yangu ilikuwa bado michanga kiasi cha kung'oleka. Niliikata fupi, nikaichimba pembeni taratibu, nikaifunga mizizi kwa magunia yenye maji. Ile mikubwa iliyogoma nilichukua vipandikizi, nikaing'oa kisiki nikakitia motoni. Baba Mdogo alileta mikokoteni yake ya kondoo. Alikuwa amenipa mteremko wake unaotazama mashariki, ambako miaka ya nyuma hata nyasi zilikuwa zinasitasita kuota.

"Na joto likifika huku?" aliniuliza, akifunga kamba.

"Litafika."

"Juu yangu hakuna shamba, mwanangu. Kuna mawe na mawingu."

"Najua, Baba Mdogo." Nilijua, na liliniuma. Niliendelea kuchimba.

Asubuhi ya mkokoteni wa mwisho Meneja alikuja akipanda mbio, amekunja suruali, anahema, nyuma yake baba na fimbo. Ilikuwa mara ya kwanza baba kukanyaga kilima kile. Ukungu ulikuwa umekaa chini, unagusa magoti.

"Mwizi!" Meneja alipiga kelele. "Baba, muone! Ameng'oa kila kitu! Naita polisi!"

Baba hakumsikiliza. Alisimama katikati ya mashimo, safu kwa safu mpaka ukingoni. Nadhani alikuwa ameyaona mashimo ya namna hiyo kabla, akiwa upande wa mkokoteni. Akanyoosha mkono mbele, kama anavyounyoosha ghalani, bila kutazama. Hapakuwa na wa kumpa glasi. Ukungu ukamlowesha kiganja, akaupeleka mdomoni, akaulamba.

"Mwache," alimwambia Meneja. "Ndiyo sheria yetu."

"Mwache? Na mimi je? Bango limeshasimama!" Meneja alizunguka, mikono hewani, viatu vya ofisini vikizama kwenye udongo uliochimbuliwa. "Baba, mimi nitapanda nini hapa?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitunza miaka yote hiyo, nimelisugua na kulipangusa vumbi kwa ajili ya siku kama ile. Nilisimamisha mkokoteni, nikafungua mdomo.

Baba akaniwahi. Hata hilo alininyang'anya.

"Kabichi," alisema, bila kucheka, akianza kuteremka na fimbo yake. "Panda kabichi, ule."